Meza ya Vaubrun

Paris, 3 Machi 1957

Dada yangu Honorine,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu uwe umepoa. Sisi tupo. Mke wangu Odette bado anakohoa. Daktari amembadilishia dawa, sasa ni ya kijani, na anasema ina ladha ya mafuta ya taa. Mimi sijaionja. Je, mwanao Étienne ameandika? Mtaani kwetu kila mama mwenye kijana vitani Algeria anamngojea mtu wa posta mlangoni. Nikiwaona nakukumbuka wewe.

Sasa neno lenyewe. Jengo la karakana yangu linabomolewa. Miaka ishirini na nane nimepiga randa mle ndani, na ifikapo Juni natakiwa niwe nimetoka. Wakati nahamisha vitu alipita Bwana Delorbe, yule muuza samani za kale anayenipa kazi za ukarabati, akaona meza ndogo niliyokuwa nimeifunika nyuma ya mbao. Ni meza ya kuandikia ya bibi tajiri, ya zama za mfalme Louis wa Kumi na Tano, ya mbao ya waridi, yenye miguu iliyopinda kidogo na muhuri wa fundi chini yake. Alipiga magoti kana kwamba yuko kanisani. Hakuniuliza nimeipata wapi. Alisema, "Fargeot, mimi siulizi kitu kimetoka wapi. Nauliza tutasema kimetoka wapi."

Ndiyo biashara yao hiyo. Meza isiyo na kwao wanaiogopa. Mnunuzi anataka aambiwe kuna jumba shambani, na familia moja, na chumba ambamo meza haijawahi kutoka tangu enzi za mababu. Nikafikiria Vaubrun, jumba unalotumikia. Bimkubwa wako ana jina, ana vyumba vitupu, na ana paa linalovuja. Meza ikikaa kwake wiki chache, mnunuzi akaja akaiona hapo hapo, Bimkubwa akatia sahihi kwamba ni ya familia yake, kila mmoja atapata chake. Zungumza naye. Wewe anakusikiliza.

Odette anakusalimu, anasema jibini uliyoleta Krismasi hajaisahau.

Ni mimi mdogo wako,
Lucien

*

Vaubrun, 14 Machi 1957

Lucien mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku moja na ya Étienne. Nilianza na yake, usinichukie. Yuko hai, amekonda, anaomba soksi. Huku tumechinja nguruwe wa mwisho. Bimkubwa analala jikoni tangu Februari kwa sababu chumbani kwake mvua inaingia kama iko kwao. Ana miaka themanini na moja na anavaa kofia kitandani. Usiku najisikia kama nalala na askofu.

Nimesoma habari ya meza mara mbili. Sasa nijibu swali moja, na unijibu kama ndugu. Umeitengeneza wewe? Maana nakujua. Ulikuwa na miaka kumi na sita ulipomuuzia paroko kiti cha kale ulichokiunga kwa mbao za banda la kuku, akawa anakikalia huku akiwasifu mafundi wa zamani, na mama akijificha nyuma ya nguzo kwa kucheka. Kwa hiyo niambie: ni meza ya kweli, au ni banda la kuku?

Bimkubwa nimemwambia. Alimenya kiazi kizima. Kisha akauliza, "Paa lote, au upande wa magharibi tu?"

Dada yako,
Honorine

*

Paris, 22 Machi 1957

Dada Honorine,

Nimefurahi Étienne yu salama. Odette amemfumia soksi jozi mbili, zitakuja pamoja na meza.

Kuhusu swali lako: mikono yangu imo katika meza hiyo, hilo ni kweli. Zaidi ya hapo usijue. Usipojua hutakuwa umedanganya mtu. Kama utalala vizuri ukisema ni banda la kuku, basi sema ni banda la kuku.

Mwambie Bimkubwa ni paa lote.

Lucien

*

Vaubrun, 26 Mei 1957

Mdogo wangu,

Salamu zako na soksi zimefika, za Étienne nimeshazituma. Mguu wangu umerudi kuuma kwa sababu ya kupanda na kushuka ngazi, na sababu ya kupanda na kushuka ni meza yako.

Imekwisha. Nikueleze yote, maana najua Delorbe atakueleza ya kwake.

Kwanza alileta mpiga picha. Waliiweka meza kwenye chumba cha buluu chini ya picha ya jenerali wa ukoo wao, wakafungua dirisha ili bustani ionekane, na nyasi nilikuwa nimezikata mimi kwa mundu, upande ule tu unaoingia kwenye picha. Picha imetoka katika gazeti la mambo ya kale. Imeandikwa: meza ya Vaubrun.

Halafu Alhamisi wakaja wanunuzi, mtu na mkewe, Wabelgiji wa Ghent wenye kiwanda cha nguo. Bimkubwa alivaa gauni jeusi. Hakusema uongo hata mmoja kwa mdomo, aliguna tu na kushika uso wa meza kama anayemuaga farasi. Yule mama wa Kibelgiji akanigeukia mimi. Akasema, "Na wewe, mama, umeifuta vumbi miaka mingapi?"

Nikamjibu, "Tangu nina miaka kumi na minne, bibi." Ningeishia hapo. Sikuishia. Nilimwambia kwamba mama mkwe wa Bimkubwa aliandikia hapo barua zote alizompelekea mwanawe vitani Verdun. Nikawaonyesha ufunguo wa droo, kwamba unazungushwa kushoto badala ya kulia, nikasema watu wa nyumba hii ndivyo walivyo, ukiwaambia kulia wanakwenda kushoto. Wakacheka. Yule mama machozi yalimlenga kwa habari za Verdun, akanishika mkono.

Lucien, nilifurahi kusema vile. Hilo ndilo linalonisumbua. Maneno yalitoka yenyewe, mazuri, kama vile nimeyaishi.

Mafundi wa paa wanaanza Jumatatu. Umefanya kazi nzuri mno ile meza. Nimeikagua kila upande wiki tano na sijapata kosa lako.

Honorine

*

Paris, 19 Juni 1957

Dada,

Asante. Karakana imekwisha bomolewa, nimepata chumba kidogo Montreuil. Odette yuko hospitali ya kifua, wanasema ni ya muda.

Tusizungumze tena habari ya meza.

Lucien

*

Vaubrun, 8 Septemba 1957

Lucien,

Namwombea Odette. Nimemwashia mshumaa, na nimempelekea asali hospitalini kwa anwani uliyonipa. Étienne anatarajia likizo Novemba. Paa limekwisha, jipya, jeusi, linang'aa. Bimkubwa amerudi chumbani kwake.

Jumanne iliyopita nilikuwa nachuma maharage nikamwona mwanamke anapanda barabara kwa miguu kutoka kituo cha basi. Kijana, kama miaka ishirini na mitano, koti zuri, viatu vya mjini vimejaa vumbi. Alikuwa na ule ukurasa wa gazeti mkononi, umekunjwa mara nne. Alisalimia vizuri. Akasema jina lake ni Régine Frydlender, na angependa kuuliza kuhusu meza iliyomo kwenye picha.

Nikamwambia imeuzwa.

Akasema, "Najua. Sikuja kununua. Nauliza tu, ilikuwa hapa tangu lini?"

Lucien, nilikuwa na kapu la maharage kiunoni. Nikasema, "Tangu nina miaka kumi na minne." Sikufikiri hata kidogo. Uongo ulikuwa umeshazoea njia.

Hakubisha. Alitazama jumba, akatazama paa. Akasema baba yake alikuwa fundi wa kuvalisha viti vitambaa, Paris, mtaa wenu ule ule wa maseremala. Alikuwa na meza kama hiyo. Aliinunua mnadani ikiwa imevunjika, hata kabla yeye hajazaliwa, akaikarabati jioni baada ya kazi pamoja na jirani yake seremala. Binti mwenyewe alipelekwa kwa mlezi huko Sarthe akiwa na miaka tisa, mwaka arobaini na mbili. Wazazi wake walichukuliwa na askari kwa kuwa Wayahudi, hawakurudi. Hana picha yao hata moja. Kisha akasema, "Baba alikifunga kitasa cha droo kinyume, akakasirika, halafu akakiacha hivyo. Ufunguo wake ulikuwa unazungushwa kushoto. Nilitaka kujua tu kama na huu wa kwenu unazungushwa kushoto."

Nilimwambia sikumbuki.

Akanishukuru. Nilimpa maji, akanywa amesimama, akarudi kituoni kungoja basi la saa kumi na moja. Aliacha anwani yake, nikikumbuka nimwandikie.

Mimi nangoja barua ya Étienne kila siku ya Mungu, na nikichelewa kuipata siku mbili namfuata mtu wa posta mpaka barabarani. Yule amengoja miaka kumi na tano. Niambie si wewe yule seremala jirani. Niambie ulikitengeneza wewe kile kitasa.

Honorine

*

Vaubrun, 30 Septemba 1957

Lucien,

Wiki tatu. Odette nimepata habari zake kwa mtawa wa hospitali, anasema unakwenda kila Jumapili, kwa hiyo hujafa na hujakosa stempu. Nijibu.

H.

*

Montreuil, 4 Novemba 1957

Dada Honorine,

Odette amefariki siku ya Watakatifu Wote, alfajiri. Tumemzika jana. Sikukupigia simu posta kwa sababu ungekuja, na ungenitazama.

Ni mimi.

Frydlender alikuwa rafiki yangu. Karakana yake na yangu zilitenganishwa na ua. Meza ile tuliitengeneza pamoja majira mawili ya baridi, yeye na tumbaku yake mbaya, tukibishana juu ya kila kipande. Chemchemi ya mwaka arobaini na mbili aliileta kwangu juu ya mkokoteni. Akasema, "Niwekee mpaka mambo yatulie." Julai wakachukuliwa, yeye na mkewe Perla.

Niliiweka. Sikuiuza wakati wa njaa, Mungu anajua. Ila mwaka arobaini na tano yule mtoto alikuja na shangazi yake. Wakaniuliza kama baba yake aliacha kitu. Nilisema hapana. Sijui kwa nini. Meza ilikuwa hatua nne nyuma yangu chini ya shuka. Nilikwisha kusema hapana, halafu siku zikapita, na kila siku ikawa ngumu zaidi kusema ndiyo.

Kuna jambo jingine. Siku walipochukuliwa, asubuhi, Frydlender alikuja kugonga mlango wangu. Sikufungua. Odette alinishika mkono. Alikuwa anaogopa, na mtu asingeweza kumlaumu.

Sasa umejua. Nakuomba, kwa jina la mama, usimwandikie yule binti. Meza iko Ghent. Hairudi. Utamuumiza bure, na Bimkubwa ametia sahihi, na mimi nimebaki peke yangu.

Lucien

*

Bourges, 1 Desemba 1957

Lucien,

Pole, mdogo wangu. Nimemlilia wifi yangu Odette. Alinifundisha kufuma, na hakuwahi kunisema vibaya. Étienne alikuja siku kumi, akala, akalala, amerudi.

Utaona anwani imebadilika. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja nyuma ya soko. Vaubrun nimeondoka.

Sikumwandikia Régine. Nilikwenda. Nilipanda treni nikamkuta kwake, ghorofa ya tano, anashona makoti ya watu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kukaa. Ufunguo, Verdun, jenerali, nyasi, yote. Kisha nikamweleza yako. Hakupiga kelele. Alizima cherehani, akakaa ameiwekea mkono.

Ameshawaandikia Ghent. Wamejibu kwa adabu kwamba wamenunua kwa hati halali kutoka nyumba yenye heshima. Kwa hiyo nimeandika karatasi, na kutia sahihi mbele ya mwanasheria, kwamba nilidanganya. Niliporudi nilimsomea Bimkubwa ile karatasi kabla haijatumwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Honorine, unanivua nguo mbele za watu." Nikamwambia, "Twende tukavuliwe sote wawili, Bimkubwa." Akatazama dari yake, kavu. Akasema, "Uwe umeondoka Jumamosi." Miaka thelathini na tisa, Lucien. Alinipa mkono wa kuagana akiwa na glavu.

Mwanasheria anasema huenda utaitwa na hakimu. Huenda meza itarudi, huenda isirudi, itachukua miaka. Régine anasema hana pa kuiweka.

Anachotaka ni kitu kingine. Wewe ndiye mtu wa mwisho anayemjua aliyekuwa karibu na baba yake. Ameniuliza juu ya asubuhi ile. Aligonga mara ngapi? Alisema neno? Alikuwa peke yake, au mama alikuwa naye? Maana shangazi yake alimwambia mama alichukuliwa mahali pengine, peke yake, na tangu utotoni anamwota yuko peke yake barabarani.

Niliona aibu kusema sijui. Mwandikie. Au niandikie mimi, nitampelekea. Na usiandike tena kwamba Odette alikushika mkono. Julai ya mwaka ule Odette alikuwa kule Vaubrun kwangu, akinisaidia kuvuna, mpaka Agosti. Nimeficha hilo moyoni tangu niliposoma barua yako, kwa kuwa ulikuwa umetoka kumzika. Sasa siwezi tena.

Dada yako bado,
Honorine

*

Montreuil, 20 Desemba 1957

Dada,

Sina habari za kukupa. Kuna baridi. Nakula kwa jirani.

Mpelekee haya.

Nilikuwa peke yangu. Ilikuwa saa moja asubuhi na kitu. Nilikuwa nimeweka gundi motoni, na unajua gundi ya mifupa inavyonuka, harufu inafika mpaka barabarani. Kwa hiyo alijua nimo ndani, na alijua ninajua ni yeye.

Aligonga mara tatu, taratibu, kwa vidole. Nilikuwa nimeshika patasi. Sikuiweka chini hata, ili isilie.

Akasema, "Lucien." Halafu akasema, "Si kwa ajili yangu. Mimi nitajua pa kwenda. Ni Perla tu, siku mbili." Alingoja. Gundi ilianza kuungua, nikaiacha iungue.

Kisha akasema, "Haya," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Sikusikia laana. Ningependa kumwambia binti yake kwamba alinilaani, lakini hakunilaani.

Walipoondoka nilisogea dirishani. Walikuwa wawili. Alikuwa amembebea mkewe mfuko, na mkewe alimshika mkono wa pili. Walivuka ua hivyo, wakapita chini ya tao wakatokea barabarani, na askari walikuwa hapo tayari. Waliwapandisha pamoja, kwenye basi moja. Mama yake alitangulia, na baba akamshika kiwiko asikwame kwenye ngazi.

Mwambie hakuwa peke yake.

Lucien